Cabo Delgado, anza na bamvua

Wiki hii mmeuliza: ni mkoa gani wa pwani, nje ya nchi yako, ambao watu wanaujua nusunusu, na mgeni ungemwonyesha nini kwanza? Mimi ni wa Mtwara, na jibu langu liko ng'ambo ya Ruvuma: Cabo Delgado, Msumbiji.

Ukiutaja tu, utasikia vita vilivyoanzia Mocímboa da Praia Oktoba 2017, au gesi ya Palma. Kweli yote hayo. Ila ukitaka kujua watu wanakula nini, uliza maji yakoje. Visiwani Quirimba na pwani yake wanaishi Wamwani, ndugu wa lugha yetu, na shughuli zao hufuata bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, siku yanapopwa kidogo. Bahari ikikupwa sana, wanawake hushuka miambani kuchokoa pweza na kuokota chaza, wengine wakiwa wamejipaka msiro, urembo wao mweupe wa usoni. Wanaume wana mitumbwi, nyavu na madema. Samaki asiyeuzwa mbichi huanikwa, akapelekwa bara.

Bara huko wengi ni Wamakua, wakulima wa mihogo na korosho. Wamakonde wako juu, kwenye uwanda wa Mueda. Babu zao walipanda kule kukimbia wakamata watumwa, wakapata usalama lakini si maji. Ndoo ilifuatwa bondeni, kisha mlima kupandwa tena. Vinyago vyao dunia inavijua, kiu yao haikupigwa picha.

Sasa gesi. Mradi wa Afungi, rasi iliyo karibu na Palma, ulipokuja, watu wa kijiji cha Quitupo walihamishiwa Quitunda, kwenye nyumba mpya. Nyumba inahesabika, mkorosho nao una bei. Lakini mwanamke aliyekuwa akishuka pwani kwa miguu na kurudi na kitoweo, naona hesabu yake ni ngumu zaidi, maana mwamba wa pweza hauna hati. Kisha Machi 2021 Palma ikavamiwa, mradi ukasimama, na hata ajira zilizotarajiwa zikapotea.

Mgeni wangu? Ningempeleka kisiwa cha Ibo, kilichokuwa makao makuu ya mkoa kabla ya mji wa Pemba. Mafundi fedha wa pale hufua mikufu ndani ya ngome ya Mreno ya 1791, na kisiwa kina kahawa yake, ingawa kimbunga Kenneth cha Aprili 2019 kilikivuruga vibaya. Ghuba ya Pemba, pamoja na sifa zake zote, ataiona siku ya kuondoka.