Kabla hujaingia uwanjani Jumamosi, tafuta miwani kwanza

Simama hapo kwanza. Umeuliza sheria za msingi za raketiboli, raketi ya kununua, viatu, na kama mtu wa miaka 38 amechelewa kuanza. Halafu katikati ukachomeka, kama jambo dogo tu, kwamba mwenzako wa kazini amekuambia miwani ya kukinga macho ni ya watoto na mpira wenyewe ni laini. Mimi niligota hapo. Niliambiwa maneno hayo hayo, na jicho langu la kushoto halijarudi lilivyokuwa.

Sheria nitazimaliza haraka. Raketiboli ni mchezo wa Wamarekani, ulibuniwa na Joe Sobek mwaka 1950 kule Connecticut, na video ulizotazama ni za huko: uwanja wa futi 40 kwa 20, dari nalo linachezewa, mwenye kuanzisha anadundisha mpira chini kwanza ndipo aupige. Hapa Nairobi uwanja wa kuta nne utakaoukuta klabuni ni wa skwoshi, mchezo unaofanana nao, na ndio utakaoucheza: mita 9.75 kwa 6.4, na chini ya ukuta wa mbele kuna bati la kimo cha sentimita 48. Mpira ukigonga bati umepoteza, na mlio wake hauhitaji refa. Ukianzisha, mguu mmoja uwe ndani ya boksi la kuanzishia lililochorwa sakafuni, mpira ugonge ukuta wa mbele juu ya mstari wa servisi uliochorwa humo, kisha uangukie robo ya nyuma ya upande wa pili. Nafasi ni moja tu, si mbili kama kwenye tenisi. Mpira ukidunda chini mara ya pili kabla hujaupiga, umekwisha. Kuta zote ruhusa, dari hapana. Gemu ni pointi 11, mkifungana 10 mnaendelea mpaka mmoja amzidi mwenzake kwa mbili, na anayetangulia kupata gemu tatu ameshinda. Hayo utayashika jioni moja.

Sasa nisikilize. Skwoshi haina neti. Wewe na mpinzani wako mko ndani ya chumba kimoja, kila mmoja na raketi yake, mkigombania sakafu ile ile.

Nilianza na kikundi cha ofisini, Jumanne na Alhamisi baada ya kazi, tukingoja msongamano wa Waiyaki Way upungue. Tulikuwa tukimlipa jamaa mmoja atufundishe. Siku ya kwanza nilimuuliza kuhusu miwani kwa sababu nilikuwa nimemwona kijana wa uwanja wa pili ameivaa. Akaubinya mpira kwa vidole viwili mbele ya pua yangu, ukabonyea kama ndimu iliyokamuliwa. "Huu utakufanya nini?" Wenzangu wakacheka. Nikaona haya, nikanyamaza, nikacheza miezi mitano macho wazi.

Mpira baridi ndio unaobonyea hivyo. Ukishapigwa dakika kadhaa unashika moto, na Nairobi tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, unakwenda kasi kuliko utakavyokwenda Mombasa. Na udogo wa huo mpira alioucheka yule mwalimu ndio hatari yenyewe! Mpira wa miguu ukikupiga usoni, mfupa wa nyusi na wa shavu ndiyo inayoupokea. Mpira wa skwoshi una kipenyo cha milimita 40. Unapita katikati ya mifupa hiyo na kuingia kwenye tundu la jicho. Mtu anayepokea pesa za watu kufundisha mchezo huu hajui hilo? Na kama alijua, alipata wapi moyo wa kucheka? Sijamsamehe. Hajawahi hata kupiga simu kuuliza naendeleaje.

Ilikuwa Alhamisi, gemu ya tatu, mimi nimesimama katikati. Mwenzangu alikuwa nyuma yangu, kona ya kushoto, na nilidhani hataufikia mpira. Nikageuza uso wote kumtazama. Aliufikia. Sikuuona ukija. Nilijikuta nimepiga magoti, kiganja kimeziba jicho, naogopa kukiondoa nisije nikaona kilichobaki. Yeye alikuwa akilia kuliko mimi.

Daktari wa macho alikuta damu imejaa sehemu ya mbele ya jicho, nyuma tu ya konea, ule utando angavu wa mbele. Nililala kichwa kikiwa juu ya mito mitatu, ngao ya plastiki usoni, matone mchana na usiku, kuinama marufuku, aspirini marufuku. Wiki ya kwanza nilipimwa presha ya jicho kila siku. Bima ya kazini ilifika mwisho mapema, kilichobaki nilikopa kwenye chama. Binti yangu, darasa la pili wakati huo, alikataa kukaa upande wangu wa kushoto mezani. Leo usiku siendeshi gari, kwa sababu kila taa inayokuja ina duara la ukungu. Na kila mwaka narudi kupimwa, maana jicho lililoumia hivyo linaweza kuingiwa na glakoma, ugonjwa wa presha ya jicho unaoweza kupofusha, miaka mingi baadaye.

Kwa hiyo huyo mwenzako mjibu hivi: kwenye mashindano ya dunia ya vijana miwani ni lazima kweli, lakini jicho la mtu mzima halina mfupa wa ziada. Nunua yenye lenzi za polikaboneti, plastiki ngumu isiyovunjika kirahisi, zilizotengenezwa kwa michezo ya raketi. Miwani yako ya kusomea haifai, inaweza kuvunjikia humo humo jichoni. Fremu tupu zisizo na lenzi ziache dukani, mpira unabonyea na kupenya. Ivae tangu mnapopasha mpira moto, si mpaka gemu ianze.

Mwenzako akiwa nyuma, mtazame kwa pembe ya jicho, usimgeuzie uso. Na wewe ukiwa ndiye mpigaji na mtu yuko njiani, zuia mkono, sema "leti", mrudie pointi. Hakuna atakayekuona mwoga, na akikuona hivyo, tafuta mtu mwingine wa kucheza naye.

Viatu viwe na soli isiyoacha alama sakafuni. Raketi azima kwanza. Mimi nilirudi uwanjani baada ya mwaka na nusu, na ninayo miwani ya pili safi ndani ya begi. Niandikie utachezea wapi Jumamosi, nitaileta kabla hamjaanza.