Darasa la watoto 90 linaloitikia "ndiyooo" bila kuelewa

Mwalimu mwenzangu, pole. Umesema Kidato cha Kwanza chako ukiwauliza "mmeelewa?" wanaitikia kwa sauti moja, halafu jaribio la Baiolojia linarudi tupu. Yalinikuta hayohayo.

Usikimbilie kuwaita wavivu. Wametoka shule ya msingi ya serikali walikosoma kwa Kiswahili, leo karibu kila kitabu ni cha Kiingereza. Wengi wananyamaza kwa kuogopa kuchekwa.

Kwanza, "mmeelewa?" iache kabisa. Uliza swali lenye jibu: "Kwa nini jani lililofunikwa na karatasi nyeusi halikupata wanga?" Wape dakika mbili wajadili na jirani wa dawati, kwa Kiswahili ruksa, kisha waandike sentensi moja ya Kiingereza. Mimi niliandika majina yao kwenye vijiti nikavitia kwenye kopo la maziwa. Anayetoka ndiye anajibu, na anaruhusiwa kusoma alichoandika na mwenzake. Wale watano wa mbele waliozoea kunyoosha mikono walinuna wiki nzima! Ukishauliza, hesabu kimoyomoyo hadi tano kabla ya kuongea. Ni kazi kuliko unavyodhani.

Anayekosea asizomewe, na fimbo iweke mbali, la sivyo utarudi palepale.

Anayekodolea ubao macho au kunakili kwa jirani kila siku, msogeze mbele, na mzazi ashauriwe ampeleke akapimwe macho. Aliyebadilika ghafla akawa mpweke, mpeleke kwa mwalimu wa malezi, usimhoji mbele ya wenzake.