Nguvu ya Gojo kweli haina mwisho?

SWALI: Shikamoo anko. Mi msomaji wenu wa hapa Tanga, Makorora. Tunabishana na binamu yangu kuhusu Gojo Satoru, mpiganaji wa Jujutsu Kaisen, ile manga (hadithi ya katuni ya Kijapani), yeye anasema nguvu ya Gojo inaitwa Infiniti kwa hiyo ni infiniti kweli, haina mwisho, hakuna wa kumpiga, na ile kufa kwake mbele ya adui yake Sukuna mwandishi kampendelea Sukuna tu. Mi nasema kama haina mwisho mbona kafa? Tumebishana barazani mpaka bibi katufukuza. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kama kuna msomaji hajafika sura ya 236 basi aruke ukurasa huu, maana siwezi kujibu bila kuisema.

Binamu yako jina kalishika, ila kisichokwisha kakiweka mahali sipo. Chukua chungwa la Muheza, moja tu. Kata nusu weka pembeni, ile nusu iliyobaki kata tena weka nusu yake pembeni, robo iliyobaki nayo hivohivo, yaani kisu kingekuwa kikali vya kutosha ungekata mpaka kesho kutwa na bado kipande kinabaki mkononi. Vipande havina idadi. Alafu virudishe vyote pamoja, unapata chungwa lilelile moja, hata kokwa haijaongezeka. Zeno, Mgiriki wa kale, alishawasumbua watu na jambo hili zaidi ya miaka 2400 iliyopita, kwa Achilles anayemkimbiza kobe asimfikie.

Sasa Infiniti ya Gojo ndo hiyo. Ngumi ikimkaribia, ule umbali mdogo uliobaki unagawanyika bila kukoma, ngumi inazidi kuwa taratibu na haifiki. Ngumi ya mtoto na ya jitu la kung'oa minazi zote zinakwama palepale, kwa sababu nguvu ya anayepiga haiulizwi kabisa. Hapa binamu yako ana haki yake, mi mwenyewe naona ni ulinzi mzuri kuliko wote niliowahi kuusoma kwenye manga. Ila kisicho na mwisho ni ule mgawanyo wa umbali, sio misuli ya Gojo wala nguvu zake za laana, yaani ile nishati wanayoitumia kufanyia mbinu zao. Kwenye wingi wa nguvu za laana hata mwanafunzi wake Yuta anamzidi, kinachomwokoa Gojo ni Macho Sita, yale macho ya kipekee aliyozaliwa nayo, anatumia kidogo mno hadi haziishi. Na ubongo wake unachoka, pambano la Sukuna aliuharibu na kuuponya mara kadhaa ili afungue tena domeini, yaani uwanja wake wa kichawi wa kumfungia adui, mwisho damu ikamtoka puani na domeini ikagoma. Lile tufe la zambarau la asilimia 200 alilomrushia nalo, lingekuwa halina mwisho Sukuna asingebaki hata kucha, lakini alisimama akaendelea kupigana.

Kuhusu kupendelewa nakataa kabisa. Sukuna hakuhangaika na vipande vya chungwa. Alimtazama Mahoraga, yule kiumbe wake wa kumwita vitani anayezoea kila mbinu anayopigwa nayo, akajifunza kukata nafasi yenyewe aliyosimama Gojo, ni sawa na mtu akupasulie mkeka na kila kilichokaa juu yake, sa umbali wa kugawanya utautoa wapi? Na mwandishi Gege Akutami mlango huo alishauonyesha mapema, Toji, muuaji wa kukodiwa, alipita Infiniti kwa silaha inayofuta mbinu zaidi ya sura 150 kabla ya kifo kile, Gojo akiwa bado kijana wa shule. Manga imeanza Machi 2018 ikaisha Septemba 2024 na sura 271, na kote humo kila anayemgusa Gojo bila yeye kuruhusu anapita kwa kufuta mbinu au kuizunguka, hakuna hata mmoja aliyepita kwa kupiga ngumi nzito zaidi.

Mpe binamu arudie ile sehemu ya Toji taratibu, alafu mniandikie kama bado anaona kaonewa.