Fundi, kompyuta hii niitupe?

Barua za safari hii karibu zote zina kilio kimoja: kompyuta ya nyumbani imekuwa nzito. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa makusudi. Ukiielewa hiyo, maswali mengi yaliyobaki utayajibu mwenyewe.

SWALI: Fundi, mimi ni mwalimu mstaafu. Kompyuta yangu mpakato ina miaka kumi sasa. Nikiiwasha asubuhi, naoga na kuvaa kabla haijatulia. Kufungua barua moja tu ni kungoja. Mjukuu wangu aliniwekea programu ya kusafisha kompyuta, nayo kila siku inanionyesha mamia ya makosa na kunitaka nilipie ili iyaondoe. Fundi mmoja ameitazama juu juu akasema imezeeka, ninunue nyingine. Humo mna kazi zangu za miaka mingi na picha za marehemu mume wangu. Niitupe kweli?

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Usiitupe. Lakini kabla ya jambo lolote, chukua diski ya nje au flashi, unakili picha hizo na kazi zako zote leo hii. Uzito unaoueleza unaweza kuwa wa diski inayoelekea kufa, na diski ikifa haipigi hodi.

Ukishanakili, tuzungumze habari ya uzee. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, haipungui kasi kwa sababu ya miaka. Iliyokuwa ya gigahezi 2 siku ulipoinunua, ni ya gigahezi 2 mpaka leo. Yaliyobadilika ni mengine: mfumo endeshi (kama Windows) na programu zimenenepa, vumbi limeingia, na diski imejaa na kuchoka. Fundi anayetamka neno “imezeeka” bila kupima chochote hajakwambia kitu.

Basi tupime. Washa kompyuta, iache kama dakika kumi imalize hangaika zake za asubuhi, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha la Task Manager litafunguka. Kama ni dogo na halina safu za tarakimu, bonyeza maneno ya chini yanayolipanua. Tazama safu za CPU (prosesa), Memory (kumbukumbu, yaani RAM) na Disk. Ukiona Disk imeganda kwenye asilimia 100 au karibu yake, ilhali CPU iko chini, umempata mwizi wako. Kwa kompyuta ya umri wa yako, hayo ndiyo ninayoyatarajia.

Sababu yake ni hii. Diski ya kawaida ina sahani zinazozunguka, mara nyingi mizunguko 5400 kwa dakika kwenye kompyuta mpakato, na kichwa kinachokwenda na kurudi juu yake kutafuta data. Kila safari ya kichwa hicho huchukua kama sehemu ya mia ya sekunde, au zaidi kidogo. Kwa mwanadamu huo ni muda mdogo, lakini kwa prosesa, inayoweza kupiga mamilioni ya hatua ndani ya muda huohuo, ni kukaa bure. Kompyuta inapowaka inaomba maelfu ya vipande vidogo vya faili vilivyotawanyika kila pembe ya diski. Fikiria karani mmoja wa masijala aliyeletewa orodha ya majalada elfu moja, kila jalada kwenye kabati lake. Hata akiwa hodari, miguu yake ni miwili.

Diski ya kisasa iitwayo SSD haina sahani wala kichwa. Data inakaa kwenye chipu, na kuifikia kipande kimoja huchukua sehemu ndogo tu ya muda ule. Ndiyo maana kubadilisha diski ya kuzunguka kwa SSD ndiyo tiba ninayoipendekeza kabla ya nyingine zote kwa kompyuta ya zamani. Utasikia watu wakishindana kwa tarakimu za kasi: SSD ya SATA, njia inayounganisha diski na kompyuta, hufikia kama megabaiti 550 kwa sekunde, na kompyuta yako ikiwa na njia ya zamani ya SATA II, huenda usipate hata nusu yake. Usiumize kichwa. Wewe hunakili filamu kutwa nzima. Wewe unahitaji vipande vidogo vifike upesi, na hilo utalipata hata kwenye njia ya zamani.

Mwombe fundi mwingine, mwenye subira, athibitishe mambo mawili. Kwanza, diski iliyomo ni ya inchi 2.5 na inachomoka. Kuna kompyuta nyembamba za bei nafuu ambazo hifadhi yake imelehemiwa kwenye bodi, na hizo hazibadilishiki. Pili, aiangalie afya ya diski ya sasa kwa programu kama CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure. Ikionyesha rangi ya njano au nyekundu, au diski ikitoa sauti ya kugonga-gonga, isifanyiwe kazi yoyote ya kuzipanga upya data zake (defrag). Kazi hiyo huisukuma diski mgonjwa kaburini. Ziokolewe faili tu, basi.

Watu huuliza: ninakili diski nzima kwenda SSD, au niweke mfumo upya? Kunakili kunawezekana, Clonezilla ni ya bure na inafanya kazi hiyo vizuri, mradi diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani. Mimi kwa kompyuta ya miaka kumi napenda mfumo uwekwe upya, kisha faili zako zirudishwe. Ukinakili, unahamisha na takataka zote. Kama ilikuwa na Windows 10 halali, leseni inatambuliwa kupitia bodi yenyewe, kwa hiyo kubadilisha diski hakuiharibu.

Na ile programu ya kusafisha iondoe leo, Mwalimu. Hili linanikera sana, kwa sababu linawalenga watu kama wewe. Yale “makosa” mamia mara nyingi ni maandishi yaliyobaki kwenye rejista ya Windows, daftari la ndani la mipangilio yake, na maandishi hayo hayaipunguzii kompyuta kasi kwa kiasi chochote utakachokihisi. Microsoft wenyewe wamesema hawaungi mkono programu za kusafisha rejista, kwa kuwa zikikosea zinaweza kuvuruga mfumo mzima. Programu inayokutisha ili uilipe haikutakii mema. Mjukuu alikusudia kukusaidia, usimgombeze.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Laptopu yangu ina RAM ya GB 4 na tayari ina SSD. Nikifungua kivinjari na kuandika ripoti kwa wakati mmoja inaganda. Rafiki amenipa RAM ya GB 8 aliyoitoa kwenye kompyuta yake iliyokufa. Nichomeke tu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usichomeke kabla ya kuhakiki. RAM, kumbukumbu ya muda inayoshikilia kazi ulizozifungua, zina vizazi: DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, wala DDR4 kwenye ya DDR5. Pengo la katikati ya meno yake limewekwa mahali tofauti makusudi, ili asiyejua asifanikiwe. Ukiona haiingii, usitie nguvu. Tena, kama ya rafiki yako ilitoka kwenye kompyuta ya mezani, ni ndefu na haiwezi kukaa kwenye laptopu. Programu ya CPU-Z itakuonyesha kizazi kilichomo ndani ya yako, na ikiwezekana nafasi ziko ngapi.

Jambo la pili ni mfumo wenyewe. Ukiwa na Windows ya biti 32, haitaweza kutumia zaidi ya GB 4 hata ukiiongezea RAM mara mbili. Fungua mipangilio, sehemu ya kuhusu kompyuta, utaiona imeandikwa.

Yakikubali yote hayo, GB 8 zitakuondolea kuganda. RAM inapojaa, kompyuta huanza kuhamishia mzigo kwenye diski na kuurudisha, nenda rudi, na hapo ndipo kipanya kinapogoma. SSD yako imekuwa ikilificha tatizo hilo kidogo. Ukiweza kuwa na vipande viwili vinavyofanana badala ya kimoja, ni bora zaidi, hasa kwa laptopu isiyo na kadi yake ya picha, kwa sababu picha nazo zinakula RAM hiyohiyo. Siku ya kuchomeka, izime kabisa, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, gusa kitu cha chuma kwanza ili umeme tuli wa mwilini utoke.

Wakati unajipanga, tazama kivinjari chako. Ondoa viongezo usivyovitumia, na bakiza kimoja cha kuzuia matangazo. Kurasa nyingi za habari leo ni nzito kwa matangazo kuliko kwa habari zenyewe. Na hukusema, lakini nimeona kwenye picha uliyotuma kwamba una antivirasi mbili. Toa moja. Kila faili unayoifungua inakaguliwa na zote mbili, na zenyewe zinatiliana shaka.

SWALI: Kompyuta yetu inaanza vizuri. Baada ya nusu saa feni inanguruma na kila kitu kinazubaa. Ikipumzishwa inarudi sawa. Ni virusi?

JIBU: Sidhani. Hilo ni joto. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na ndiyo maana ikipumzika inapona. Kwanza uliza inatumiwa wapi: juu ya godoro au mto, kitambaa kinaziba matundu ya hewa, na hakuna feni itakayoshinda hapo. Iwekeni juu ya kitu kigumu.

Isipotosha, ifunguliwe itolewe vumbi. Zuieni pangaboi za feni kwa kijiti wakati wa kupuliza, zisizunguke kwa upepo wa nje, mtaziharibu. Kwa kompyuta iliyokaa miaka mingi bila kufunguliwa, mwambieni fundi abadilishe na pesti ya joto iliyo kati ya prosesa na bomba lake la kupoza. Huwa imekauka na kuwa kama chaki. Kazi hii haina gharama kubwa ya vifaa, lakini inataka mkono mtulivu.

SWALI: Kila usiku nazima kompyuta yangu, lakini asubuhi inaamka na uchovu uleule. Wanasema kuzima kunasafisha kila kitu. Mbona kwangu hapana?

JIBU: Kwa sababu tangu Windows 8, kuzima kwa kawaida si kuzima kamili. Mfumo unahifadhi sehemu ya hali yake kwenye diski ili kesho uwake upesi, na matatizo ya jana yanahifadhiwa pamoja nayo. Chagua Restart badala yake, hiyo inaanza upya kweli. Fanya hivyo kila unapoona mambo yanakwenda ovyo. Halafu ingia Task Manager, sehemu ya Startup, uzime programu zote zinazojiwasha zenyewe ambazo huzihitaji asubuhi. Kuzizima hapo hakuzifuti.

SWALI: Fundi, Windows 10 imefika mwisho na kompyuta yetu ya familia imekataliwa Windows 11. Jirani anasema anajua njia ya kulazimisha. Tunaitumia kwa barua, benki na masomo ya watoto. Tufanyeje?

JIBU: Msilazimishe. Ni kweli, Microsoft walifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Anayejiandikisha kwenye mpango wa nyongeza anapata marekebisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026, na hiyo inawapa nafasi ya kupumua. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM ya GB 4, hifadhi ya GB 64 na prosesa iliyomo kwenye orodha yao. Wakati mwingine TPM ipo ila imezimwa kwenye mipangilio ya BIOS, programu ya ndani inayoiamsha kompyuta, kwa hiyo hilo liangalieni kwanza. Kama kinachokataliwa ni prosesa, kulazimisha kunawezekana, lakini hakuna ahadi kwamba marekebisho yatakuja. Kompyuta ya benki haiwezi kuishi kwa kubahatisha.

Ushauri wangu ni Linux Mint, mfumo mwingine unaokaa mahali pa Windows, toleo lake jepesi la Xfce. Inafanya kazi kwenye RAM ya GB 2, na kwa GB 4 mtaifurahia. Ni bure, inapata marekebisho ya usalama, na ina LibreOffice inayofungua nyaraka za Word. Uzuri wake mkubwa ni kwamba mnaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote kwenye diski. Kaeni nayo jioni moja. Msipime kasi yake siku hiyo, maana flashi ni ya polepole. Pimeni kama Wi-Fi inashika, sauti inatoka, tovuti ya benki inafunguka na printa inachapa. Kama kuna mtu wa nyumbani anayetegemea programu ya hesabu iliyotengenezwa kwa Windows peke yake, semeni mapema, kwa huyo suluhisho ni tofauti.

Yakikubali yote, nakilini faili zenu nje kabla hamjabonyeza kitufe cha kuiweka moja kwa moja, kwa sababu hapo inaweza kufuta diski nzima. Printa ikikataa, niandikieni jina na modeli yake kamili kama ilivyobandikwa nyuma, nitawatazamia.