Kengele ya ngamia kwenye gemu ya watoto: wacha isikike kabla haijaonekana

Ndugu uliyeuliza, umesema unatengeneza gemu ya kuwafundisha watoto wa shule ya msingi maisha ya wafugaji wa kaskazini mwa Kenya. Mchezaji ataokota kengele ya ngamia na fimbo ya mchungaji, kila kimoja kimpe alama kumi na maelezo ya mistari mitatu, na wauliza kama hiyo yatosha. Kwa maoni yangu haitoshi. Mimi na wenzangu hapa Mombasa tuliwahi kutengeneza gemu ya namna hiyo, na kengele ndiyo iliyotutoa jasho kuliko kitu kingine chochote.

Kwanza ijue kengele yenyewe. Wasomali huiita koor. Huchongwa kwa kipande cha mti, ikakombwa ndani, kisha kijiti kimoja au viwili vikaning'inizwa humo kwa kamba. Usitarajie mlio wa kengele ya shule. Hii yalia ko-ko-ko, kavu na nzito. Ngamia hula majani ya miti na vichaka, kwa hivyo hutawanyika mahali ambapo mchungaji hawezi kuwaona wote, na usiku ndiyo kabisa. Basi hutega sikio. Mlio wa taratibu maana yake wanakula. Ukikatika, wamesimama au wamelala. Ukienda mbio, kuna kilichowashtua. Sasa wewe ukimpa mtoto kengele inayong'aa katikati ya njia, aibonyeze na ipotee mfukoni, umemfundisha umbo lake tu. Kazi yake hajaiona.

Yetu tuliinunua Mji wa Kale, kwenye duka moja la vitu vya kale barabara ya Ndia Kuu. Kama nawe utanunua, ipindue utazame ndani kabla hujauliza bei. Iliyofanya kazi ina mbonyeo laini, unaong'aa, pale kijiti kilipogonga miaka na miaka, na matundu ya kamba yamelika upande wa juu hadi yamekuwa marefu. Iliyochongwa juzi kwa ajili ya watalii ina alama za patasi ndani na rangi ya viatu nje, na ukiinusa utajua. Hiyo ya watalii si mbaya kwa rafu ya sebuleni, lakini usiipige picha ukasema ndiyo koor ya kweli.

Aliyetubadilishia gemu nzima ni mzee mmoja aliyekulia Wajir, ambaye siku hizi ana duka la nguo huku kwetu. Tulimwonyesha gemu kwenye simu: mchezaji anatembea, anakuta kengele chini, anaokota, nyota zinaruka. Akatazama, kisha akaniuliza, "Na ngamia yuko wapi?" Nikamwambia, mzee, hapa hakuna ngamia, hii ni zawadi tu. Akasema, "Mwanangu, kengele haiachwi porini. Ukiikuta chini, kamba imekatika au mnyama amekufa. Mtoto wetu akiiona hawezi kufurahi, atapiga mbio kwenda kumwambia babake."

Tulifuta zile nyota. Katika gemu yetu kuokota kengele hakukupi alama hata moja, bali kunaanzisha safari. Unatazama kamba: imelika, imekatwa, au imenasa kwenye mwiba? Ukishajibu, unafuata nyayo kumtafuta ngamia mwenyewe, na ukimpata unamfunga kengele tena. Hapo giza linaingia kwenye skrini, nawe huna budi kuwarudisha wote zizini kwa kusikiliza tu. Nikilazimika kuchagua sehemu moja ya kubakia katika gemu ile, nitachagua dakika hizo za giza.

Maelezo ya mistari mitatu hakuna mtoto anayeyasoma. Badala yake weka sauti ya mtu. Kuna gemu iitwayo Never Alone, ya mwaka 2014, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Cook Inlet Tribal Council, shirika la wenyeji wa asili wa Alaska. Mchezaji akimfikia bundi, hufunguka video fupi ambamo Wainupiat, mojawapo ya jamii hizo za asili, wanaeleza wenyewe mambo yao. Sisi hatukuwa na pesa za video, tukarekodi sauti ya mzee kwa vipande vifupi vifupi, naye akakubali kwa sharti kwamba asikatizwe katikati ya hadithi.

Kuhusu kurekodi mlio: usiitikise kwa mkono. Mkono wako una mwendo wako, na ngamia ana wake. Bahati nzuri Mombasa ngamia wako ufukweni, wale wa kubebea watalii pale ufuo wa Pirates. Tulizungumza na mwenyewe, tukamfunga mmoja kengele alfajiri, maji yakiwa yamekupwa na mawimbi yako mbali huko mwambani. Maji yakijaa usijisumbue, utarekodi bahari. Tulipata akitembea, akiinama kula na akitikisa kichwa kufukuza nzi, na milio hiyo mitatu haifanani kabisa.

Rekodi kwa njia moja tu ya sauti (mono). Dakika moja isiyobanwa ni kama MB 5, na ukiigeuza iwe faili iliyobanwa ya aina ya OGG inashuka chini ya MB 1. Vishikwambi vingi vya bei nafuu vina spika moja, kwa hivyo ile hila ya kushoto na kulia mtoto hataisikia. Tumia umbali: ngamia akiwa mbali punguza sauti, halafu punguza na ule ukali wake wa juu, ibaki kama iliyozibwa. Godot, programu ya kutengenezea gemu, hufanya haya yote na ni ya bure. Umbo la kengele tulilitoa kwenye picha zilizopigwa kivulini kuizunguka pande zote (mti usiong'aa hukubali sana njia hiyo, chuma husumbua), tukalipunguza ndani ya Blender, programu ya kuunda maumbo ya 3D, hadi pembetatu zinazoliunda zisifike elfu mbili.

Jambo ambalo watu wa gemu hulisahau ni darasa lenyewe. Vishikwambi vyote vikilia ko-ko-ko kwa pamoja, mwalimu atavifungia kabatini siku hiyohiyo, na mimi sitamlaumu. Dawa yake ni kishikwambi kimoja kwa kikundi: mmoja anashika, wenzake wamefumba macho wanaelekeza, "Rudi! Umempita!" Kwa mtoto asiyesikia, weka ukingo wa skrini utetemeke kadiri anavyomkaribia ngamia.

Halafu kuna heshima na sheria. Tangu 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa asilia na sanaa za kitamaduni za jamii, nayo inataka upate ridhaa ya wenyewe. Usingoje mpaka gemu iko sokoni ndipo uulize. Na alama za moto zinazochomwa kwenye ngozi ya ngamia ni za koo. Usizinakili kuwa pambo, buni zako. Mfadhili mmoja alitushikilia tuweke morani wa Kimaasai kwenye picha ya mbele kwa kuwa "ndiye watu wanamjua". Gemu ya ngamia, bwana! Tulikataa, na pesa zikaenda zao.

Umeuliza pia kuhusu fimbo. Ukiweka fimbo ya kawaida, watoto wataigeuza silaha kabla hujamaliza kusema, watampiga hata ngamia. Nakushauri uweke hangool, nayo ni ya Wasomali: mti mrefu wenye ndoano ncha moja na panda ncha nyingine. Ndoano huvuta matawi ya miiba, panda huyasukuma mahali pake, na hivyo ua wa zizi hujengwa bila mkono kuchomwa. Kwenye gemu hizo ni vitufe viwili, vuta na sukuma, na kazi iko wazi: funga mapengo yote ya ua kabla ya giza, maana pengo moja likibaki fisi anaingia. Mpe hangool mwanzoni kabisa, kabla ya kengele, kwa kuwa ngamia akirudi lazima akute zizi.