Jibu: Kwa nini wengi wa Mount Vernon hawakuachwa huru?

Habari ndugu. Umeuliza: kama George Washington aliandika kwenye wosia wa 1799 kwamba watumwa wake waachwe huru, mbona zaidi ya nusu ya watumwa wa Mount Vernon, shamba lake kubwa huko Virginia, walibaki utumwani?

Anza na orodha ya watumwa ambayo Washington aliiandika mwenyewe mwaka huohuo. Mimi nikitafuta familia humo, kwanza hutazama jina liko safu gani, yaani mtu alikuwa mali ya nani. Watumwa 317 waliishi pale, lakini waliokuwa mali yake ni 123 tu. Wengine 41 walikodiwa kutoka kwa wamiliki wengine, na 153 walikuwa wa mirathi ya Custis, mume wa kwanza wa Martha (mke wa Washington), aliyefariki 1757 bila wosia. Martha alikuwa na haki ya kuwatumia maisha yake yote, basi; baada yake walikwenda kwa wajukuu. Kisheria Washington hakuweza kuwaachia.

Halafu mtazame mama, kwa sababu mtoto alifuata hali ya mama yake. Hapa ndipo panauma: baba wa safu ya Washington, mke na watoto wa safu ya Custis. Baba akawa huru, watoto wakagawanywa.

Wosia ulisema wasubiri Martha afe. Yeye aliwaachia mapema, Januari 1, 1801. William Lee, mtumwa aliyemhudumia Washington miaka ya vita vya uhuru wa Marekani, ndiye pekee aliyeachwa huru papo hapo, na posho ya dola 30 kwa mwaka.

Ukikwama kwenye jina fulani, liweke hapa pamoja na shamba lake tulitazame.