Mnyonge gani anatembelea V8?

Msomaji wa Chang'ombe hapa Dodoma anauliza: "Samaki mkubwa humla mdogo, huu msemo ni wetu au tumeletewa? Na mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni, nayo ni kundi hilohilo la wenye nguvu kuwala wanyonge?"

Wa samaki hauna mwenyewe. India ya kale waliuita matsya nyaya, yani kanuni ya samaki, kwamba nchi ikikosa mtawala wakubwa wanameza wadogo. Ulaya, mchoraji Bruegel aliuchora mwaka 1556, samaki mkubwa kapasuliwa tumbo wanamwagika wadogo, nao midomoni wameng'ata wadogo zaidi. Na mvuvi wa Mtera hahitaji kufundishwa na Mhindi wala Mzungu, akimpasua kambale anakuta perege tumboni, basi methali imeshazaliwa hapohapo.

Sasa huyo mnyonge, maana hili linaniuma siku nyingi. Unafungua redio asubuhi unasikia "mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni, mheshimiwa ghorofa kasimamisha!" Mnyonge gani huyo jamani? Mtu anatembelea V8, ana walinzi, nani anamnyonga na kwa kamba gani? Methali imegeuzwa pambio la kusifia wakubwa, mtu akitaka kumpamba tajiri anaanza na mnyonge, akitaka kumpamba msanii mwenye mahela yake anaanza na mnyonge, hadi neno limeisha utamu kama muwa uliotafunwa mara tatu.

Hebu lisikilizeni lenyewe. Mnyongeni, mpeni. Hizo ni amri na wanaoambiwa ni wengi, ndio haohao wenye kamba mkononi. Wanaambiwa sawa, mmemshinda, mbaneni, lakini kilicho chake msimdhulumu. Na inasema HAKI, neno tulilolitoa kwenye Kiarabu, kile mtu anachostahili, fungu lake. Haijasema sifa yake mpeni!

Nimewahi kuisikia mahali pake Hombolo wakati wa mavuno ya zabibu. Zabibu ikishaiva haikungojei, ukilala nayo siku mbili inaanza kuharibika, na mnunuzi analijua hilo vizuri sana. Basi yule mnunuzi akashusha bei, eti sukari ndogo, kipimo keshakipima huko kwenye gari peke yake. Mzee mwenye zabibu kasimama na makreti yake juani, hana pa kuzipeleka, hana friji, hana hata usafiri wa kurudi nazo nyumbani, akasema taratibu, "Wanangu, mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni, pimeni hapa mbele yangu." Watu wote kimya. Kipimo kikaletwa. Hakuomba asifiwe, hakuomba bei ya huruma, aliomba kipimo tu, na hapo ndipo niliposhika uzito wa ile methali, sijausahau mpaka leo.

Kuna wenzangu wataniambia mbona pwani ya kaskazini walisema "Mgala muue na haki yake mpe", na Mgala hakuwa mnyonge? Kweli kabisa. Mgala ni Muoromo (jina hilo wenyewe hawalipendi, tusiliendeleze) na watu wa upande wa Lamu walipigana naye, walimwogopa. Hiyo ni haki ya adui, adui anaweza kuwa na nguvu kukuzidi. Lakini ukishataja mnyonge, tuletee mnyonge.

Kwa hiyo msomaji, kundi ni hilohilo, ila ya samaki inaeleza tu mambo yalivyo, hii ya mnyonge inawakemea walaji. Ukitaka kumsifu mwenye nacho sema "ukweli usemwe, kajenga", inatosha. Kwenye mpira nimeshachoka kubishana, timu iliyopigwa tano kweli imenyongwa, isemeeni tu kwamba ilicheza vizuri. Ila aliyefunga hizo tano msiniletee kama mnyonge.